Mradi wa mwaka wa nne unaovuka idara: mwongozo kwa wanafunzi wa sayansi Nairobi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa kemia, botania, fizikia, hisabati au jiolojia aliye mwaka wa tatu, anayetaka mradi wake wa mwisho uvuke ukuta wa idara yake: kemia ikutane na sosholojia, botania ikutane na historia, fizikia ikutane na sheria. Nimesoma miradi mingi ya namna hii, mizuri na ya kusikitisha, na ile iliyoanguka mara nyingi haikuangushwa na sayansi. Iliangushwa na mambo mawili. Kwanza, mwanafunzi hakuwa na swali moja. Alikuwa na mawili yaliyojalidiwa pamoja. Pili, idara mbili zilizomsimamia hazikuwahi kukubaliana jinsi ya kumtuza alama, na hilo likajulikana siku ya kutetea, mbele ya watu.

Kabla hujaanza, ujue mradi una uzito gani. Katika vyuo vyetu vingi, daraja la shahada hutokana na wastani wa kozi: 70 kwenda juu ni daraja la kwanza, 60 hadi 69 ni la pili la juu, 50 hadi 59 ni la pili la chini. Mradi ni sehemu ndogo tu ya wastani huo. Kwa hiyo usiuache mradi ukumezee kozi nyingine. Lakini pia usiudharau, kwa sababu siku ukiomba nafasi ya uzamili, hapa au ng'ambo, ndio kazi pekee uliyoibuni mwenyewe utakayoweza kumwonyesha mtu.

Hatua ya 1: Swali liwe moja

Taaluma ya pili haiongezwi ili mradi uonekane mpana. Inaongezwa kwa sababu swali lenyewe halijibiki bila hiyo. Kipimo changu ni hiki: chukua pendekezo lako la utafiti, ondoa kurasa zote za ile taaluma ya pili. Kama kilichobaki kinasimama bila kuyumba, hapo una miradi miwili, na mmoja kati yake ni mzigo. Rudi mezani.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Mwanafunzi wa kemia anataka kupima risasi na kadmiamu, metali mbili zenye sumu, kwenye sukuma wiki inayolimwa kando ya Mto Ngong. Mto huu unaingia bwawa la Nairobi karibu na Kibera, unakatiza Industrial Area na Mukuru, kisha unaelekea mashariki kuungana na Mto Nairobi. Kama ulivyo, huo ni mradi wa kemia tupu, na si mgeni kwa mtahini yeyote wa mji huu. Mwanafunzi akiona hivyo hukimbilia kuongeza sura moja ya "maoni ya wakulima" yenye hojaji. Ng'oa sura hiyo: kemia inabaki vile vile. Hakuna kilichobadilika.

Sasa geuza swali. Risasi inayofika kwenye sahani ya mlaji iliingilia wapi: kwenye maji ya mto, kwenye udongo, kwenye vumbi la barabara, au sokoni? Hapo kemia inahitaji mwenzake. Mashine itakwambia kiasi. Haitakwambia shamba lilimwagiliwa maji gani, mboga ilioshwa kwa maji ya wapi, wala ilikaa kando ya barabara kwa saa ngapi ikisubiri mteja. Na mwanasosholojia peke yake atakusanya masimulizi hayo yote asijue lipi kati yake linaongeza risasi. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Ukitaka kuona swali moja likivuta taaluma nyingi bila kulazimishwa, soma habari za kilimo cha vuta-sukuma, kilichoendelezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kule Kasarani ambacho Thomas Odhiambo alikianzisha mwaka 1970, kwa kushirikiana na taasisi ya Rothamsted ya Uingereza. Desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa katikati ya mahindi, hufukuza kwa harufu nondo wanaotaga mayai ya bungua, viwavi wanaotoboa mashina ya mahindi. Nyasi ya nepia inayopandwa pembezoni huwavuta. Mizizi ya desmodiamu hudhibiti kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Na majani ya mimea yote miwili ni lishe ya ng'ombe. Swali lilikuwa moja tu, mahindi yaokolewe vipi bila dawa za gharama. Mtaalamu wa wadudu, mkemia wa harufu, mtaalamu wa mifugo na mkulima wote wamo, na ukimtoa mmoja kazi inapwaya.

Tumia hata mwezi mzima kwenye hatua hii. Hatua nyingine ni za bidii, hii ni ya akili.

Hatua ya 2: Wasimamizi wawili, mwenye neno la mwisho mmoja

Msimamizi mkuu atoke idara yako, kwa sababu ndiko alama zako zinakoandikwa. Msimamizi mwenza atoke idara ya pili. Mwanafunzi wa Chiromo, kampasi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ana bahati ya kuwa kampasi kuu iko mwendo wa miguu. Wa sheria yuko Parklands, na wa kilimo au tiba ya mifugo yuko Upper Kabete. Angalia umbali huo unapochagua. Mhadhiri mzuri aliye mbali, ambaye utamwona mara mbili kwa muhula, hatakufaa kama mhadhiri wa kawaida utakayempata ofisini kila wiki mbili.

Unapomwendea mhadhiri asiyekujua, usianze kwa kuomba usimamizi. Hilo ni ombi la mwaka mzima, na jibu lake rahisi ni hapana. Omba msaada kwenye jambo moja ulilokwamia. Nenda saa zake za kuonana na wanafunzi, ukiwa na karatasi ya ukurasa mmoja mkononi, useme kwa mfano:

"Habari za asubuhi, Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa kemia, mwaka wa tatu, kutoka Chiromo. Napanga kupima risasi kwenye sukuma wiki, na nimefika mahali kemia haifiki: sijui nimuulize vipi mwenye kibanda jinsi anavyoosha mboga bila kumtia hofu. Naomba dakika kumi, ikiwezekana."

Swali la namna hiyo linamwonyesha kwamba unaheshimu taaluma yake kama taaluma. Wahadhiri wa sayansi za jamii wamechoshwa na wanafunzi wa maabara wanaodhani hojaji ni kitu cha kuandikwa jioni moja. Akikupa dakika zake kumi na mkaelewana, rudi baada ya wiki mbili ukiwa umefanyia kazi alichokwambia. Hapo ndipo unapoomba.

Hatua ya 3: Karatasi ya makubaliano

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Kabla ya kukusanya data hata chembe, wakutanishe wasimamizi wako wawili mara moja, ana kwa ana au kwa simu ya video, kisha andika ukurasa mmoja mtakaoutia sahihi watatu. Nakala moja mpe mwenyekiti wa idara yako.

Uandike nini? Nani ni msimamizi mkuu. Nani anasoma sura ipi kwanza, na kwa muda gani. Ripoti itafuata muundo wa idara ipi na mtindo upi wa kutaja marejeo, wa namba au wa jina na mwaka, kwa sababu kuchanganya kutakugharimu usiku mwingi baadaye. Kama kazi itachapishwa, majina yatapangwa vipi. Nani anagharamia kemikali. Na zaidi ya yote: vigezo vya alama.

Kwa nini vigezo? Kwa sababu taaluma mbili hazioni kazi nzuri kwa jicho moja. Mkemia atauliza kipimo kimerudiwa mara ngapi na kama mtu mwingine anaweza kukirudia akapata jibu lile lile. Mwanasosholojia atauliza wewe ni nani machoni pa uliyemhoji, na hilo liliathiri vipi alichokwambia. Ukimwambia mkemia umehoji wakulima kumi na watano, atasema ni wachache. Mwanasosholojia atasema wanaweza kutosha, ikiwa mahojiano ya mwisho hayakuleta jambo jipya. Wote wawili wako sahihi kwa kanuni zao. Kama hawajayazungumza mapema, watakuja kuyazungumzia kwenye utetezi wako, na wewe ndiwe utakayesimama katikati. Mwombe pia mwenyekiti amjulishe mtahini wa nje kwamba ripoti hii ina sura za namna mbili, ili asiisome kama ripoti ya kemia iliyopotea njia.

Hatua ya 4: Vibali

Ukihoji binadamu, unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya utafiti. Kwa utafiti wa afya unaofanywa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kamati inayojulikana zaidi ni ile ya pamoja na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Baada ya hapo kuna leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Maombi hufanywa mtandaoni. Uliza idarani wiki za kwanza kabisa ni nyaraka zipi zinazotakiwa kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na uombe mapema. Mahojiano uliyoyafanya kabla ya kibali usitegemee kuyahalalisha baadaye.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kwa lugha nyepesi: usikusanye jina, namba ya simu wala picha ya uso kama huna haja navyo, na ukivikusanya, mwenyewe ajue ni vya nini. Mpe kila mtu namba, M1, M2, M3, na daftari linalounganisha namba na majina likae mahali pengine kabisa na data.

Kando ya mto kuna kibali kingine ambacho hakiombwi mtandaoni. Jitambulishe kwa chifu ukiwa na barua ya idara, kisha kwa mzee wa nyumba kumi, na umtafute mkulima mmoja anayeheshimiwa akutembeze. Kumbuka kwamba baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali iliwaondoa watu wengi waliokuwa ndani ya mita thelathini kutoka ukingo wa mito. Kijana mwenye chupa na daftari akitokea huko leo, mawazo ya kwanza ni kwamba ametumwa na kanjo. Wana haki ya kuwaza hivyo. Ndiyo sababu ramani ya ripoti yako isionyeshe shamba la mtu kwa uhakika wa mita; onyesha eneo la jumla, na vipimo kamili vya mahali vibaki kwako na kwa wasimamizi.

Hatua ya 5: Kalenda ya mvua, kisha kalenda ya chuo

Mvua za masika Nairobi ni Machi hadi Mei, za vuli ni Oktoba hadi Desemba. Maji ya mto wakati wa kiangazi cha Januari na Februari si maji yale yale ya Aprili: mvua huongeza maji, lakini pia hukokota takataka za barabarani na tope. Ukipima msimu mmoja tu, sema hivyo kwenye kichwa cha ripoti. Ukitaka misimu miwili, anza kuhesabu kutoka hapo kurudi nyuma, sio kutoka tarehe ya kukabidhi. Acha nafasi ya migomo, ya umeme kukatika na ya mashine kuharibika. Vyote vitatu huja.

Hatua ya 6: Uwanjani, watu kabla ya chupa

Wanafunzi wa sayansi huanza na sampuli kwa sababu chupa haiwajibu. Geuza mpangilio. Wahoji watu kwanza, hata wachache, ndipo upange utakachokipima. Hapa ndipo taaluma ya pili inapoanza kulipa gharama zake.

Chukulia umesimama kwenye kibanda cha mboga jioni, Mukuru au South B. Usianze na hojaji. Nunua.

"Mama, habari ya kazi?"

"Salama tu, kijana. Nikukatie ya ngapi?"

"Ya ishirini. Hii imetoka wapi leo?"

"Hii ni ya Marikiti. Ile ya pale ndiyo ya hapa mtoni, lakini imekwisha, watu huipenda, majani yake ni mororo."

Kwa mazungumzo hayo mafupi umeshapata mambo matatu ambayo maabara isingekupa. Mboga za mto na za soko la Wakulima, yaani Marikiti, zinauzwa kwenye meza moja. Za mto zinakwisha kwanza. Na mboga inakatwakatwa hapo hapo, mbele ya mteja. Sasa mtazame anavyofanya: je, anaisuuza kabla ya kukata au haisuuzi kabisa, na ndoo ile maji yake yamebadilishwa mara ngapi tangu mchana? Mteja akifika nyumbani na mboga iliyokatwa laini, ataiosha tena au ataitia sufuriani moja kwa moja? Majibu hayo yanabadilisha mpango wa maabara. Haitoshi tena kung'oa majani shambani. Itabidi upime mboga ya shambani, mboga ya kibandani kabla ya kukatwa, na mboga iliyokwisha kukatwa, zote za fungu moja kadiri inavyowezekana.

Epuka swali kama "Unajua mboga hizi zina sumu?" Kwanza hujui bado kama zina sumu. Pili umemharibia mtu biashara mbele ya wateja. Tatu umempa jibu unalolitaka. Uliza "Mboga ikifika hapa, huwa unaifanyia nini kabla ya mteja?" kisha unyamaze. Ukihoji kwa Kiswahili, Sheng, Kikuyu au Kikamba, andika maneno kama yalivyosemwa, na kwenye ripoti weka usemi wenyewe pamoja na tafsiri yako. Mtahini anayeijua lugha hiyo atakushukuru.

Usilipie mahojiano kwa pesa. Kununua mboga ni sawa.

Hatua ya 7: Maabara

Kwa sehemu hii msimamizi wako mkuu anajua kuliko mimi, lakini kuna mambo ambayo miradi ya mseto huyakosea mara kwa mara, kwa sababu mwanafunzi amegawanya muda wake.

Chupa za plastiki zilowekwe usiku kucha kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha zisuuzwe kwa maji yaliyoondolewa ayoni. Maji ya kupima metali hutiwa asidi hadi pH iwe chini ya 2, la sivyo sehemu ya metali itashikamana na kuta za chupa na usiione. Ila kama unataka kutenganisha metali iliyoyeyuka na ile iliyoshikana na tope, chuja kwanza, kwa kichujio cha mikromita 0.45, ndipo utie asidi. Ukitanguliza asidi itaiyeyusha metali ya kwenye tope, na ule mgawanyo umepotea. Kila safari ya uwanjani ibebe sampuli tupu, yaani chupa yenye maji safi iliyopitia kila kitu zilichopitia nyingine. Andika lebo kwa wino usiofutika, kwenye chupa yenyewe, sio kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.

Kwa majani, gawa kila fungu mara mbili. Nusu ipimwe ilivyo, nusu ioshwe kwa maji safi kwanza. Tofauti kati ya hizo mbili inakaribia kukuonyesha kilichoketi juu ya jani, kama vumbi; kinachobaki baada ya kuosha zaidi ni kile kilichoingia ndani. Kwa swali letu mgawanyo huu ndio roho ya mradi.

Kosa moja zaidi, ambalo limewatia wanafunzi wengi aibu. Majani hukaushwa kabla ya kupimwa, kwa hiyo jibu hutoka kwa uzito mkavu. Vikomo vya chakula huandikwa kwa uzito wa mboga mbichi. Sukuma wiki kwa sehemu kubwa ni maji, takriban asilimia 85 hadi 90, hivyo namba ya uzito mkavu inaweza kuwa kubwa mara saba hadi kumi. Ukizilinganisha moja kwa moja utatangaza hatari isiyokuwapo. Vivyo hivyo kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita ni cha maji ya kunywa. Usiyahukumu maji ya kumwagilia kwa kikomo hicho bila kueleza.

Hatua ya 8: Kuunganisha

Hapa mradi hupona au hufa. Siri yake, kama ni siri, ilipaswa kupangwa tangu hatua ya 6: watu uliowahoji wawe ni wale wale wenye mashamba na vibanda ulivyochukua sampuli. Ukiwa na sampuli za mashamba kumi na mawili na hojaji za watu mia mbili wa mtaa mwingine, hakuna takwimu itakayokuunganishia.

Tengeneza jedwali moja. Kila safu mlalo ni shamba au kibanda kimoja. Safu wima za mwanzo ni za maabara: risasi kabla ya kuosha, baada ya kuosha, ya maji, ya udongo. Zinazofuata zinatoka kwenye mahojiano na macho yako: chanzo cha maji, umbali kutoka barabarani, mboga inaoshwa au haioshwi, miaka ambayo shamba limelimwa. Lisome jedwali hilo mara nyingi kabla ya kufungua programu yoyote ya takwimu. Kwa mashamba machache namna hii, grafu iliyochorwa vizuri itakufaa kuliko jaribio la kitakwimu lenye jina refu.

Patakuwa na mahali ambapo watu wanasema hivi na mashine inasema vile. Tuseme wakulima wote wanakwambia maji ni mabaya zaidi wakati wa mvua kwa sababu yanageuka rangi, lakini risasi iliyoyeyuka ikawa chini zaidi wakati huo huo. Wanafunzi wengi huandika kwamba wakulima "hawana ufahamu". Hiyo ni hukumu ya haraka na ya kiburi. Mkulima anazungumzia tope na harufu, na tope hilo huenda linabeba metali ambayo kichujio chako kimeitupa. Rudi ukapime jumla. Mahali pa mgongano kama hapo pape sura nzima. Hakuna idara moja ambayo ingepaona.

Nusu ya pili ya data iko wapi mjini

Kama mfano wa sukuma wiki si wako, mji huu una hazina nyingine. Kwenye Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1902. Lebo ya kila mmea huwa na mahali ulikochumwa, tarehe na mchumaji, na mara nyingine jina la mmea kwa lugha ya wenyeji. Mwanabotania akishirikiana na mwanaisimu ana mradi hapo bila kutoka nje ya jengo. Idara ya Hali ya Hewa iko Dagoretti Corner. Nyaraka za Taifa ziko Moi Avenue, na mwanafunzi wa jiolojia au wa takwimu atakayekaa na ripoti za zamani za maji na afya za mji atashangaa jinsi matatizo ya leo yalivyokwisha kuandikwa. Ramani na picha za angani za zamani, ulizia Idara ya Upimaji kule Ruaraka.

Upande wa sheria, Katiba ya 2010 ina Ibara ya 42 kuhusu haki ya mazingira safi na yenye afya, na kuna kanuni za kelele za mwaka 2009 zinazomfaa sana mwanafizikia mwenye kipima sauti na subira ya kusimama stendi ya matatu. Anayetaka kuona kipimo cha maabara kikigeuka ushahidi asome kesi ya Owino Uhuru, Mombasa, ambako risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri iliwadhuru wakazi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua mwaka 2020 walipwe shilingi bilioni 1.3, uamuzi ukatenguliwa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Isome hukumu yenyewe, usisome magazeti pekee. Utaona jinsi mahakama inavyoupima ushahidi wa kisayansi, na jinsi maswali yake yanavyotofautiana na ya mtahini wako.

Hatua ya 9: Kuandika na kutetea

Usiandike "Sehemu ya Kemia" na "Sehemu ya Jamii". Panga sura kwa njia ambayo risasi inaweza kuingilia: maji, udongo, vumbi, soko. Ndani ya kila sura weka vipimo na masimulizi pamoja. Eleza kila istilahi kana kwamba msomaji wako ni mhadhiri wa ile idara nyingine, kwa sababu kweli atakuwepo. Mpe sura moja mwanafunzi mwenzako asiye wa sayansi aisome. Pale atakapokwama, panahitaji kuandikwa upya. Chuo kitaipitisha ripoti kwenye programu ya kutambua wizi wa maandishi, kwa hiyo kila nukuu iwe na mwenyewe.

Kwenye utetezi swali moja haliwezi kukosekana: "Wewe ni mkemia, mahojiano haya umeyajulia wapi?" Usijitetee sana. Eleza ulifundishwa na nani, ulifanya mahojiano mangapi ya majaribio, na wapi uliona mipaka yako. Kisha rudisha mazungumzo kwenye swali la utafiti.

Hatua ya 10: Kurudi kwa waliokusaidia

Amua na wasimamizi wako, kabla ya majibu kutoka, utawaambia nini wakulima na wauzaji kama risasi itakuwa juu. Usiende na namba tupu wala usitoe tamko sokoni. Kama jedwali linaonyesha kiasi kikubwa kiko juu ya jani, una jambo la manufaa la kumwambia mama wa kibanda: asuuze kwa maji safi kabla ya kukata, na meza isogezwe mbali na barabara. Kama kiko ndani ya jani, kuosha hakutasaidia, na mazungumzo ni ya maji na udongo, ambayo mkulima mmoja hawezi kuyabeba peke yake. Hapo msimamizi wako ndiye wa kuyapeleka kwa wahusika, bila majina ya watu.

Jalidi nakala moja zaidi ya zinazotakiwa na umpe msimamizi mwenza, kwa sababu idara yake hairekodi kazi yako popote. Madaftari ya uwanjani, karatasi za ridhaa na majibu ghafi ya mashine usitupe wala usimwazime mtu. Yafungie, weka nakala kwenye flashi na kwenye barua pepe, mpaka alama ya mradi ionekane kwenye akaunti yako ya mwanafunzi na uwe umeichapisha kwenye karatasi. Alama za miradi iliyosimamiwa na idara mbili hupotea kwa urahisi kati ya ofisi mbili, na mwenye madaftari ndiye hupata pa kuanzia anapouliza.